Sauti Kutoka Chumba cha Pili

Ukuta uliotenganisha vyumba viwili vya darasa la kwanza ulikuwa wa mbao nyembamba, na mbao nyembamba hazitunzi siri. Mwalimu Kengele alisimama mbele ya watoto hamsini na watatu, akainua fimbo yake ya kuelekezea, akaigusisha kwenye silabi ya kwanza ya chati.

"Ba, be, bi, bo, bu," darasa liliitika kwa pumzi moja.

Hilo ndilo lililompa jina. Kwa miaka kumi na tisa darasa lake lilisikika mpaka barabarani. Wanawake waliofua nguo nyuma ya shule walijua saa kwa kulisikiliza: likifika "wa, we, wi, wo, wu" walianza kuanua, maana mapumziko yamekaribia na watoto watapita mbio katikati ya kamba. Wengine huvaa saa mkononi, yeye aliivaa kooni, na aliona fahari.

Sasa, kila alipovuta pumzi kati ya mstari na mstari, alisikia upande wa pili mlio kama wa nyuki. Mmmmm. Kisha mlio kama wa tairi linalotoka upepo. Sssss. Kisha kicheko, kisha kimya, halafu mtoto mmoja peke yake: "Mmm, a. Ma. Mmm, a. Ma. Mama."

Watoto hamsini na watatu waligeuza shingo kuelekea ukutani kama watu walionusa chakula cha jirani.

"Macho huku," alisema. "Mbele yenu nipo mimi."

Chumba cha pili kilikuwa cha mdogo wake, mdogo wa tumbo moja, aliyetoka chuoni miezi minne iliyopita na aliyelala nyumbani kwa dada yake, kitanda kimoja na mpwa wake. Mwalimu mkuu alikuwa amechukua orodha ya watoto mia na wanne, akaikunja katikati: nusu ya juu kwa mkubwa, nusu ya chini kwa mdogo. Chiriku, binti wa Mwalimu Kengele, mtoto wa miaka saba ambaye mdomo wake haukujua likizo, aliangukia nusu ya chini. Mama yake alikwenda siku ile ile akamshika mkono, akamrudisha kwake. "Mwanangu nitamsomesha mimi," alisema, na hakuna aliyembishia.

Saa saba mchana alipotoka, mpaka rangi wa mtaani alikuwa akimsubiri langoni, kofia mkononi.

"Mwalimu, nina ombi. Si kwa ubaya."

"Hata la ubaya huanza hivyo hivyo. Sema."

"Kijana wangu yuko kwako. Ningependa ahamie kwa yule mdogo wako. Watoto wa jirani wako kule, na sasa wanasoma mpaka maandishi ya kwenye gunia la saruji. Wangu anaimba tu."

"Wewe mwenyewe nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, mwalimu. Kwa kuimba nilikuwa wa kwanza." Alicheka kidogo, akageuzageuza kofia. "Kusoma nilikuja kujifunza kazini, kwenye makopo ya rangi."

Aliyasema bila kinyongo, kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Laiti angetukana. Tusi lina jibu.

"Peleka barua kwa mwalimu mkuu," alisema Mwalimu Kengele, akapita.

*

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kazi yake aliifanyia barazani kwake. Kila kifurushi cha nguo alikibandika karatasi kwa pini: nguo ya nani, na ifanywe nini. Mke wake alipoingia na mkoba wa madaftari, mdogo mtu alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo, akiimba chini chini.

"Dada, pole na kazi. Chai iko kwenye chupa."

"Nimekuja kwangu, chai naijua inapokaa."

Mdogo mtu akainamia ungo wake. Fundi, aliyesikia kila kitu kutoka barazani, aliita kwa sauti ya mzaha: "Nyumba hii ina walimu wawili na sindano moja, na anayechomwa kila siku ni mimi."

Mwalimu Kengele alikaa chumbani, nyuma ya pazia lililotazamana na baraza, akafungua daftari la kwanza. Lilikuwa na mistari ya ba be bi bo bu, safi, iliyonyooka. Alifungua la pili. Yale yale. Akaanza kusahihisha kwa wino mwekundu, tiki, tiki, tiki, huku akimsikia mpaka rangi masikioni.

"Chiriku," fundi aliita, "niletee kile kifurushi cha mpishi wa hospitali. Cha buluu."

"Viko viwili vya buluu, baba."

"Basi leta vyote nitazame."

"Hapana, ngoja." Karatasi ikachakarika. "Mpi... shi. Mpishi. Wa. Ho... spi... ta... li. Ni hiki. Kimeandikwa pu, ngu, za. Punguza. Punguza kiuno. Baba, kiuno cha mtu kinapunguzwaje?"

Kalamu ilisimama hewani. Kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, Mwalimu Kengele alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote mtaani. Mwanawe anasoma! Angemwita mpaka rangi. Angeita mtaa mzima, waje wasimame hapa barazani, waone tunda la miaka kumi na tisa.

Akasogeza pazia kwa kidole. Chiriku alikuwa amechuchumaa mbele ya kifurushi kingine, kidole cha shahada kimewekwa chini ya herufi, midomo imefumbwa, na puani mwake unatoka mlio. Mmmmm. Kidole kikasogea. "A. Ma."

Mlio wa nyuki, ndani ya nyumba yake, kinywani mwa mtoto wa tumbo lake.

Furaha ilimtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na mahali pake pakajaa kitu cha moto ambacho hakukipa jina. Jina lake ni wivu. Una meno madogo, na huanza kula pale pa nyama laini.

Akatoka barazani. "Nani amekufundisha hivyo?"

Chiriku aliinua uso wenye tabasamu, tabasamu likapotea katikati ya njia. "Mama mdogo."

"Lini?"

"Tukiwa jikoni. Ananipa vizibo vya soda vyenye herufi, mimi navipanga."

"Sikia," alisema mama, na sauti aliishusha, maana alijua sauti ya chini ndiyo inayoingia ndani. "Mtoto ni wa yule aliyemfundisha kusoma. Kama umefundishwa na mama mdogo, basi kawe mtoto wake."

"Mke wangu," fundi alisema.

"Wewe shona."

Mtoto alikirudisha kifurushi mahali pake, akakinyoosha vizuri kwa viganja vyote viwili, akaingia ndani. Siku ile mdomo wake ulikwenda likizo.

*

Jikoni, Mwalimu Kengele aliuchukua ungo kutoka mapajani mwa mdogo wake na kuuweka chini.

"Darasani unao hamsini na mmoja. Hukutosheka?"

"Dada..."

"Kitandani unalala na mwanangu, mezani unakula na mwanangu, watoto wa watu unanivuta mmoja mmoja, kesho baba yake naye atataka kuhamia chumba cha pili?"

Mdogo mtu alitabasamu bila kutaka, kisha akaona kwamba hapakuwa na utani pale. "Dada, mimi sikumfuata. Alinijia mwenyewe. Alisema wenzake wanaimba na yeye anaimba, lakini ukifunika mstari wa juu hajui aliko. Aliomba nimfundishe."

"Mimi mama yake na mwalimu wake nimekaa palepale. Kwa nini asiniombe mimi?"

Mdogo mtu aliokota harage lililoanguka sakafuni, akalirudisha kwenye ungo.

"Nimekuuliza."

"Alisema unawaambia watu kwamba anajua. Hakutaka uone aibu. Aliniapisha nisikwambie."

Bora angepigwa kofi. Mwalimu Kengele alishika ukingo wa meza. Huyu aliyekaa mbele yake, yeye mwenyewe ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga, akamsuka nywele, akamwandikia barua ya kuomba chuo. Na sasa mdogo huyo ndiye anayejua kilichomo moyoni mwa mtoto, yeye mama anakisikia kama habari za redio.

"Kuanzia leo hakuna vizibo," alisema. "Hamsini na mmoja ni wako. Huyu mmoja niachie."

"Sawa, dada. Lakini mkaguzi anakuja wiki ijayo, na kila mtoto atasoma peke yake. Atakayeshindwa anarudia darasa. Angalau mwache Chiriku..."

"Nimesema niachie."

Kesho yake asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alisema kwamba chumba cha pili kina makelele, kwamba watoto wanafundishwa kunguruma kama wanyama, kwamba mwalimu mgeni afundishwe kwanza utaratibu wa shule. Aliyasema yote bila kutaja kwamba ni mdogo wake, kana kwamba ameokotwa njiani.

Mwalimu mkuu alikuwa akichonga penseli kwa wembe. Hakuinua macho. "Nina barua tisa za wazazi wanaotaka kuhamia kwenye hayo makelele. Nilikuwa nawaza, mwalimu, umefanya kazi muda mrefu. Huchoki? Stoo ya vitabu haina mtu. Pana kivuli na kiti kizuri. Huyo binti anaweza kupewa madarasa yote mawili, tukamwongezea msaidizi."

"Stoo."

"Hayajaamuliwa. Tumsubiri mkaguzi."

Alitoka na neno lile limemkwama kama mwiba wa samaki. Siku zilizobaki darasa lake liliimba kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika. Wafuaji walipotewa na saa zao, maana "wa, we, wi, wo, wu" sasa ilifika mara nne kwa siku. Nyumbani alimkalisha Chiriku mezani na chati, jioni baada ya jioni.

"Soma hapa."

"Ba, be, bi, bo, bu."

"Na hapa? Neno hili?"

Mtoto alitazama neno, kisha uso wa mama yake, kwa makini, kama fundi anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Sijui, mama."

"Hujui kweli?"

"Sijui. Nifundishe."

Na mama, Mungu amsamehe, alifurahi. Alivuta kiti karibu, akamshika kidole, akamfundisha. Chiriku aliitikia kila kitu, taratibu, kwa adabu. Jikoni mdogo mtu alisikiliza, akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi tayari.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, mpole, asiyecheka. Walimwekea meza kwenye chumba cha walimu. Juu yake palikuwa na karatasi moja ya maneno, saa ndogo, na fomu ndefu. Mtoto aliingia, akasimama, akapewa dakika moja. Mwalimu wa darasa alikaa kwenye kiti kando ili mtoto asiogope, na alikatazwa kutoa sauti. Mwalimu mkuu alisimama dirishani, mikono nyuma.

Chumba cha pili kilianza. Mwalimu Kengele hakuwepo ndani, lakini alihesabu waliotoka wakirukaruka. Walikuwa wengi mno.

Kisha zamu yake ikafika, akakaa kwenye kile kiti.

Mtoto wa kwanza alisoma. Wa pili alisoma, kwa kukwama. Wa tatu, kijana wa mpaka rangi, aliona neno "kuku" kwenye karatasi, akavuta pumzi, akaanza kwa sauti safi ya kupendeza: "Ka, ke, ki, ko, ku." Mkaguzi alimwelekeza tena kwa kalamu. Kijana alivuta pumzi, akaanza upya, akafika "ku", akatulia, akamtazama mwalimu wake ili fimbo imwonyeshe kinachofuata. Hapakuwa na fimbo.

Mwalimu Kengele aliona. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisikia sauti hamsini na kuziita moja. Sasa ziliingia mlangoni moja moja, kila moja na miguu yake miwili, na katika kila kumi, nne hazikujua ziko wapi. Wale sita wangeweza kusoma hata kama angekuwa mgonjwa mwaka mzima. Wale wanne walikuwa wamebebwa na wimbo, kama abiria aliyelala, asijue gari limepita wapi.

"Anayefuata," mkaguzi alisema.

Akaingia Chiriku, nywele zimesukwa upya, soksi zimevutwa mpaka magotini. Alichukua karatasi kwa mikono miwili. Mama yake alimwona akiitazama. Aliona jicho likikimbia kutoka mstari wa kwanza mpaka wa pili, likarudi, likatulia. Lile halikuwa jicho la mtu asiyejua. Midomo ilikwisha kujipanga.

Kisha mtoto alimtazama mama, akafumba midomo, akaifumbua tena.

"Ba, be, bi, bo, bu," alisema. "Da, de, di, do, du." Aliendelea mpaka dakika ikaisha, bila kukosea silabi hata moja, na hakuna hata moja iliyokuwa kwenye karatasi.

"Asante, mwanangu. Nenda nje." Mkaguzi aliandika sifuri.

"Huyo ni wake wa kumzaa," mwalimu mkuu alimnong'oneza mkaguzi, kwa sauti ya kusikika. "Fikiria."

Mwalimu Kengele aliitazama ile sifuri. Na hapo hapo wazo lilimjia, tamu na la aibu: arudie. Mwaka mmoja tu. Mwaka mmoja nikae naye mezani, nimfundishe herufi moja baada ya nyingine, mpaka hata yeye mwenyewe asahau nani alianza. Nani atajua? Mtoto hatasema. Mdogo wangu hatasema. Atakuwa wangu, mwanzo mpaka mwisho.

Mtoto mwingine aliingia, akasoma. Mwingine akaingia, akaimba. Kupitia dirishani, Chiriku alionekana amekaa ngazini peke yake, amekumbatia magoti. Darasa lingine lilipita likicheza, hakuinua kichwa.

Mwalimu Kengele alisimama.

"Yule binti arudi."

"Kila mtoto ni mara moja," mkaguzi alisema.

"Anajua kusoma. Ananiogopa mimi."

"Mwalimu, kaa," mwalimu mkuu alisema. "Usijiongezee."

Hakukaa. Alitoka, akachuchumaa ngazini mbele ya mwanawe, mpaka macho yakalingana.

"Umeyaona maneno yale. Unayajua."

Mtoto alizidi kuyakumbatia magoti.

"Chiriku. Mimi sina hasira. Njoo uyasome."

"Kama mama mdogo alivyonifundisha?"

"Ndiyo. Vilevile."

Mtoto alikwaruza sementi kwa ukucha. "Nikisoma hivyo, leo nitalala kwako au nitakuwa wake?"

Mwalimu Kengele alikaa ngazini pembeni yake. Alikumbuka baraza, kifurushi cha buluu, viganja viwili vikikinyoosha. Mtoto alikuwa amelibeba lile neno wiki nzima kama mtu aliyetumwa ujumbe, na aliamua, peke yake, akiwa na miaka saba, nini cha kupoteza.

"Utalala nyumbani," alisema hatimaye. "Hata usome kwa shetani. Nilikudanganya, mwanangu. Nilikuwa na kijicho."

"Kijicho ni nini?"

"Nitakwambia. Inuka."

Mkaguzi alitazama saa yake, akamtazama mama, akamtazama mtoto, kisha akaugeuza uso wa karatasi upande wa pili, ambako palikuwa na kisa kifupi ambacho hakuna mtoto aliyekuwa amekiona. "Dakika moja," alisema. "Na hiki ni kigumu zaidi. Haya."

Chiriku aliweka kidole. Mlio wa nyuki ukamtoka puani, mrefu, bila haya. "Mmm... u. Mu. Muuza. Muuza maji a-na pu-nda. Muuza maji ana punda wawili. Mmoja mvivu." Aliposhika kasi aliacha kutumia kidole. Dakika iliisha, mkaguzi akasema basi, naye hakusikia, alitaka kujua yule punda mvivu alifanywa nini.

Mama yake alisikiliza. Ingekuwa uongo kusema wivu ulimtoka. Katika kila neno alisikia sauti ya mdogo wake, jikoni, juu ya ungo wa maharage, na kila neno lilimchoma. Aliendelea kusikiliza akichomwa.

Mkaguzi alikata ile sifuri kwa mstari mmoja, akaandika namba nyingine, kisha akasogeza kalamu kwenye safu ya mwisho ya fomu. "Huyu ametoka chumba chako, lakini hakusoma kama wenzake. Mwalimu wake ni nani?"

Mwalimu mkuu aligeuka kutoka dirishani kusikia jibu, na katika uso wake stoo ilikwisha kufunguliwa mlango.

"Mwalimu wake ni mdogo wangu, yule wa chumba cha pili," alisema Mwalimu Kengele. "Mimi ni mama yake."

Chiriku alimtazama, akatoka nje akikimbia, na mara sauti yake ikasikika uani, akimsimulia mtu habari za punda.

Mkaguzi aliandika. Alinyoosha mgongo, akakunja ukurasa, akauliza wamebaki wangapi. Walikuwa wamebaki kumi na wanne. Mwalimu Kengele alirudi kwenye kiti chake kando ya meza, akaweka mikono mapajani, na kumtazama mtoto aliyeingia. Hao kumi na wanne wote walikuwa wake.